Mwalimu Fanueli Alisema Imekubali

Mwalimu Fanueli alinifundisha fizikia miaka ishirini iliyopita, na hadi leo nikimpigia simu huwa nasimama kwanza. Wenzangu ofisini hapa Lushoto wananicheka. Wacheke. Mtu aliyekuelewesha umeme wakati kwenu mnasomea koroboi humpigii simu huku umejilaza kwenye kiti.

Alhamisi ile nilisimama, maana nilikuwa na kazi naye. Sisi ndio tunaohudumia kompyuta za shule kumi na mbili, kuanzia Soni mpaka kule chini Mnazi anakofundisha yeye, na tulikuwa tumetengeneza programu ya kuziwekea mfumo mpya kupitia mtandao. Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro mbaya: lilifuta kila kitu kwenye mashine bila hata kuuliza. La pili linaacha mafaili ya mtu mahali pake. Shida ni kwamba la kwanza lilishagawiwa shuleni kwenye flashi, na mimi sina miguu ya kufuata flashi kumi na mbili milimani. Bahati nzuri tuliiwekea tangu mwanzo uwezo wa kujisasisha: ikiwashwa tu, kabla haijagusa chochote, inaiuliza seva yetu kama kuna toleo jipya, inalichukua, ndipo inaendelea. Siku ile tulikuwa tunajaribu kama kweli inafanya hivyo.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Efrazia. Nimekuweka spika, darasa zima linakusikia. Nimeshawasha."

"Ile kompyuta tupu ya mlangoni tuliyokubaliana?"

Nilitazama kwenye seva kuona ni mashine gani imeingia mtandaoni, na jina lililokuwa pale lilikuwa la kompyuta yake mwenyewe. Kwenye mashine hiyo kulikuwa na maelezo yote ya fizikia aliyoyachapa kwa miaka sita, kwa kidole kimoja, kwa kuwa vitabu havitoshi na watoto wananakili kutoka humo. Nakala hakuna, flashi yake ilikufa. Na kuchapa upya asingeweza, kwa sababu macho yake yanamwacha. Hilo nililisikia kwa mama yangu, si kwake, nami sikuwahi kumuuliza.

"Imejisasisha, Mwalimu? Hapo juu imeandika toleo la ngapi?"

"Imekubali, mwanangu."

Haikuwa imekubali. Kwenye seva hapakuwa na toleo lolote lililochukuliwa na Mnazi. Sasa utamwambiaje mwalimu wako, mbele ya watoto arobaini, kwamba haoni?

"Samahani, Mwalimu, labda uangalie tena..."

"Nimekwambia imekubali. Nabonyeza Endelea."

"Usibonyeze!"

Nilipiga kelele kama nafukuza nyani shambani. Simu ikakatika. Nilipiga tena na tena mpaka jioni, hakupatikana.

Kesho yake nilipanda basi la kwanza, nikateremka kupitia Mlalo nikiwa na flashi mbili mfukoni. Njia nzima nilikuwa najilaumu. Nilimkuta kwenye chumba cha kompyuta pamoja na Mwalimu Zuhura, anayefundisha hesabu na aliyewahi kuwa mwanafunzi wake kama mimi. Waya wa kompyuta yake ulikuwa umechomolewa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Aliitikia bila kunigeukia, na iliniuma.

"Marahaba. Jana ulinifokea."

"Nilikufokea, Mwalimu. Nisamehe."

"Nilishtuka, nikachomoa waya. Kama nilishabonyeza au la, sijui. Tangu jana naogopa kuiwasha."

Niliichomoa ile flashi ya programu iliyokuwa bado kwenye mashine, nikarudisha waya, nikawasha. Mashine ilichukua muda wake. Folda ilipotokea niliifungua, na mafaili yalikuwemo, kidato cha kwanza hadi cha nne.

"Yapo?" aliuliza. Uso wake ulikuwa mbele ya kioo kabisa.

"Yapo yote, Mwalimu."

Niliyanakili kwanza kwenye flashi zangu zote mbili.

"Sioni, Efrazia," alisema. "Huu mwaka wa pili. Nilitumia hii kwa sababu kioo chake ni kikubwa, nikadhani nitaotea." Halafu akamgeukia mwenzake. "Mwalimu Zuhura, jana ulikaa ubavuni kwangu. Wewe uliona nini?"

Zuhura aliangalia sakafu. "Toleo la kwanza, Mwalimu."

"Ukanyamaza."

"Ulishasema imekubali. Ningeanzaje?"

"Na watoto?"

"Na wao waliona."

Nilitaka kumkasirikia Zuhura, lakini ningemkasirikia kwa uso gani? Sote tulimpenda mzee huyu, na kwa heshima zetu tulikuwa tunamsindikiza shimoni. Nilimwona amekaa pale na mikono magotini, nikamhurumia.

Tulirudia jaribio, maana sasa nakala zilikuwa salama. Mwalimu Fanueli alihama kiti, akamkalisha Zuhura mbele ya kioo.

"Soma."

"Haijajisasisha, Mwalimu." Sauti yake ilikuwa ndogo kama anaomba ruhusa ya kutoka nje. "Bado ni toleo la kwanza."

"Sawa. Efrazia, tafuta kwa nini."

Haikuwa kazi kubwa. Betri ndogo ya ndani inayotunza saa na tarehe ilikuwa imekufa, kompyuta ikadhani tuko mwaka 2009, na seva yetu, hata ikimwona mgeni aliyetoka mwaka huo, haimpi kitu. Nilirekebisha tarehe, nikawasha tena, tukasubiri mtandao wa Mnazi ujikokote.

"Mwalimu Zuhura," alisema tukiwa tunasubiri, "juzi nilifundisha kidato cha tatu. Ubaoni nilikosea wapi?"

Zuhura alinitazama mimi. Nikajifanya nakagua waya.

"Mstari wa tatu, Mwalimu. Uliuandika juu ya mstari wa pili. Haikusomeka."

"Walinakili nini, basi?"

"Niliingia ulipotoka. Nikafuta, nikaandika upya."

"Juzi tu?"

"Tangu mwaka jana, Mwalimu. Kila kipindi chako."

Mwalimu Fanueli aliivua miwani yake, ambayo haikuwa na msaada tena, akaiweka mezani. Kwenye kioo toleo la pili lilikuwa limeshaingia.

"Kuanzia Jumatatu," alisema, "ingia darasani nikiwa bado nipo."