Flash Mbili Nyeusi

...asilimia thelathini na nne, na taa inayomwekamweka si ya flash yake, si ile aliyoifunga uzi mwekundu, ile ya uzi imechomekwa pale pembeni imetulia tuli, basi hii inayoandikwa Windows ni ya Mama Yvonne, na Mama Yvonne mwenyewe yuko nyuma yake kwenye stuli, anamenya chungwa. Dalmas aliisogelea skrini. Toa zote, bakisha moja, ndivyo fundi wake Shivachi alivyomfundisha kule Soweto West, Kibera, ukitaka kutengeneza flash ya kuwashia kompyuta toa zote, bakisha moja, na miaka sita hapa Kawangware hajakosea, lakini leo mama huyu alikuja na laptop iliyogoma kuwaka na flash yake nyeusi, akasema hii ina sauti ya marehemu mamangu, nitolee nakala, simu niliyomrekodia ilinyakuliwa pale stejini 56, na Dalmas akavaa earphone, akaifungua kuhakikisha, akasikia kikohozi, jogoo, bibi kizee akianza kuomba kwa Kikamba, akaifunga, halafu mama akamuuliza mguu wa mzee wako unaendeleaje, akafurahi kuulizwa, akajibu huku kidole kikibofya, kompyuta ikamwonya kila kilichomo kitafutwa, akakubali, kama anavyokubali kila siku bila kusoma... arobaini na moja.

"Fundi, bado?"

"Bado kidogo, Mama Yvonne."

Achomoe? Achomoe nini sasa, kilichofutwa kimefutwa, hata programu za kufufua hazifui dafu Windows ikishaandikwa juu yake, na Jumamosi ni mwaka mmoja tangu wamzike yule bibi, ukoo mzima unaingoja sauti hiyo Kitui... amwambie imeungua, flash huungua, nani asiyejua, alishamwambia hivyo mwalimu mmoja wa Nyayo Highrise naye akashukuru akaenda zake, hamsini na mbili, uongo uko tayari mdomoni...

"Mbona umenyamaza? Ni hiyo flash? Imekufa?" Chungwa lilitulia mkononi mwake. "Niambie tu, fundi. Juzi niliifua na nguo, ilikuwa kwa mfuko ya apron, nikaianika kwa dirisha nikiomba Mungu. Ni mimi. Nimeua sauti ya mamangu."

Basi hahitaji hata kudanganya, anyamaze tu, kunyamaza si kusema uongo, anyamaze na mama huyu aende Kitui asimame mbele ya ndugu zake aseme niliifua, na kila akishika beseni aseme niliifua, mpaka azeeke, ilhali yeye Dalmas jioni atampigia mzee wake amuulize mguu, na mzee ataitika... sitini na tatu, taa bado inamwekamweka, na aibu ikaizidi hofu, kwa kuwa mtu wa mwisho duniani kumsikia yule bibi ni yeye, naye alimkatiza katikati ya sala. Akageuka.

"Si maji, Mama Yvonne. Ilikuwa mzima, niliisikia. Nimeifuta mimi."