Mifugo ya Maji Mafupi

Mtu akikuambia kwamba mtaa wa Elgon View kuna bahari, utamuuliza jana alilala saa ngapi. Eldoret ni mahindi na ngano, ni baridi ya asubuhi inayomfanya mtu avae sweta mbili na bado ashike kikombe cha chai kwa mikono yote miwili. Lakini bahari ilikuwapo, sikudanganyi. Ilikuwa sebuleni kwa Linah Jepchirchir, katika nyumba ndogo ya kupanga iliyojificha nyuma ya jumba la wenyewe, na ilikuwa bahari fupi: ukizamisha mkono, maji hayafiki kiwiko.

Linah aliuza dawa katika kemisti moja mjini, wala hakuwa mtu wa pwani. Alifika Malindi mara moja tu, kwa ziara ya shule, siku ambayo maji yalikuwa yamekupwa. Akalala kifudifudi kando ya kidimbwi kilichobaki kati ya miamba, akaingiza uso. Wenzake wakala, wakaimba, wakaitwa basini, yeye bado kichwa kiko majini, hadi mwalimu akaja kumvuta kwa kola. Tangu siku hiyo aliyaota yale maji. Na alipoanza kujitegemea, badala ya kununua makochi kama watu wenye akili zao, akatengenezesha tangi la kioo, pana kama mlango, lenye kina kifupi, la kutazamwa kutoka juu.

Ndani aliweka mawe, pampu ya kusukuma maji, na hita ya kupambana na baridi yetu hii. Juu yake akaning'iniza taa ya buluu iliyojiwasha na kujizima yenyewe. Akachanganya chumvi maalumu ya bahari na maji ya kuchujwa, yale yanayouzwa kwa mitungi, akangoja wiki nyingi mpaka maji yakomae. Ndipo Mungai, jamaa wa Nairobi anayezalisha matumbawe nyumbani kwake, akamtumia vipande vidogo vidogo vilivyobandikwa kwenye vigae. Vikashika, vikakua. Hatimaye sebule ile usingeiamini: vidole laini vikipepea, vikombe vya kijani vikifumbuka, konokono wakitambaa juu ya mawe, samaki wadogo wawili wakipita bila haraka, na mwanga wa maji ukitembea darini polepole mchana kutwa. Linah akirudi kazini alikaa pale bila hata kuvua viatu, uchovu ukamtoka.

Mama yake hakuwa na habari na mambo hayo. Mama Taprandich alikuwa na ng'ombe. Shamba lake liko ng'ambo ya Turbo, na maisha yake yote aliamka gizani kukamua, mpaka siku alipoteleza zizini akavunjika nyonga. Madaktari wakamuunga. Stephen, kifungua mimba wake, akauza ng'ombe wote kabla mama hajatoka wodini, eti anampunguzia mzigo. Mzigo, jamani. Basi Linah akamchukua mama akae naye mjini.

Mama akaja na mkongojo na mfuko mmoja ambao hakuruhusu mtu aufungue. Akanyamaza. Sahani ilirudi jikoni vilevile ilivyotoka. Akifungua kinywa, neno ni lile lile: "Nirudisheni kwangu." Stephen alikuwa tayari kumrudisha na kumtafutia msichana wa kumpikia. Linah alikataa, kwa sababu alimjua mama yake. Kule, mbele ya zizi tupu, angelala usiku mmoja asiamke tena, na watu wangesema ni nyonga. Linah aliliogopa jambo hilo kuliko kitu chochote duniani.

"Nipe muda," alimwambia kaka yake kwenye simu. "Anaweza kutulia."

"Na akisema tena anataka kwenda?"

"Akisema tena, nitakupigia mwenyewe. Utakuja kumchukua."

Asubuhi moja Linah alikuwa akiwalisha matumbawe, akidondosha chakula chao kwa bomba la sindano, tone hapa, tone pale. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, shuka mabegani. Akasema, kwa Kinandi bila shaka, mimi nawaletea kwa Kiswahili na utamu uliomwagika njiani mnisamehe:

"Hayo mawe unayapa nini?"

"Si mawe, Mama."

"Basi ni maua."

"Si maua pia. Ni wanyama. Kila kitundu unachokiona hapo ni mdomo. Hawatembei tu, lakini wanakula, wanalala, wanazaa."

Mama alishika mkongojo, akajivuta na kiti chake mpaka ukingoni mwa tangi. Akainama. Mdomo mmoja mdogo ulikuwa unaifunika ile chembe ya chakula taratibu, kama mtoto anayekula amelala. Mama aliutazama mpaka ukamaliza.

"Wanyama," akasema. "Na ukaniacha nikae nao nyumba moja siku zote hizi bila kunijulisha."

Kuanzia hapo nyumba ikawa na mwenyewe. Mama aliamka kabla ya ile taa kujiwasha, akakaa kando ya tangi akiwangoja. Mwanga wa buluu ukija kidogo kidogo, midomo ilianza kufumbuka, huyu, kisha yule, na yeye akiwaamkia mmoja mmoja, "Chamgei, chamgei," kama alivyowaamkia ng'ombe wake. Akawapa majina kwa rangi zao. Mwekundu akawa Chebirir. Mweupeweupe mwenye vidole vinono akawa Chelel. Mwenye kijivu cha kuelekea buluu akaitwa Arus, na huyo ndiye aliyempenda zaidi, kwa sababu alikuwa mwoga. Siku moja alimwambia Linah kwamba Chebirir anamchokoza Arus. Linah alicheka, kisha akachungulia vizuri, akakuta ni kweli: tumbawe jekundu lilikuwa limenyoosha nyuzi zake na kumchoma jirani. Akawatenganisha. Mama akasema ng'ombe wenye pembe hawafungwi pamoja, hilo nalo linahitaji shule?

Na akaanza kula. "Wao wakila, nami nakula," alisema, akavuta sahani.

Mchana alisinzia palepale kitini. Aliota ng'ombe wake wote wanavuka maji ya buluu yanayowafika magotini, hakuna anayemsukuma mwenzake, na kengele zao zinalia chini ya maji, mbali, polepole. Yeye anatembea nyuma yao bila mkongojo. Akifumbua macho hakujua ndoto imeishia wapi, maana mwanga ule ule ulikuwa bado unatembea darini. Hakuona haja ya kujua. Alikaa hapo katikati, mikono mapajani, na moyo umetulia.

Linah alimweleza kazi za tangi. Maji hupanda hewani, hivyo kila siku unaongeza ya kuchujwa yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi yenyewe haipandi, inabaki. Na kila baada ya muda unatoa maji machafu kidogo unaweka mengine mapya yenye chumvi. "Chumvi ndiyo uhai wao, Mama," alisema. Hakusema ni chumvi gani. Nani angefikiria kusema?

Ikaja siku ya mvua kubwa na stima ikapotea tangu asubuhi. Linah alikuwa kazini, wakihesabu dawa. Taa ya tangi haikuwaka, hita ikapoa, maji yakasimama. Mama aliwangoja wafumbuke. Hawakufumbuka. Aliita majina yao, akangoja tena, mvua ikipiga mabati. Arus alikuwa amejikunyata mpaka akabaki kama kifundo.

Sasa, mtoto yeyote wa Uasin Gishu atakuambia: mnyama akijikunyata, akikataa chakula, akipoteza rangi, amekosa chumvi. Mama Taprandich hakuhitaji kumuuliza mtu. Akafungua ule mfuko wake. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, kulikuwa na chumvi ya ng'ombe, ile ya kahawia, mabaki ya mwisho kutoka ghalani kwake. Ndicho kitu pekee cha ng'ombe wake alichokuja nacho, na jioni nyingine alikuwa akiinusa tu akairudisha. Akaisaga kwa chupa, akainyunyiza juu ya maji kwa viganja viwili huku akiwaita kwa sauti ile ya zizini, ndefu, ya kubembeleza. Acha niseme wazi: tangu avunjike hakuwahi kufurahi namna ile. Aliona mikono yake imerudi.

Linah alifika magharibi, stima imerudi, sebule nzima ni buluu. Konokono wa tangini walikuwa wameanguka chali. Chelel alikuwa anatoa ute mzito unaoning'inia, na Chebirir ameanza kuchunika.

"Nimewapa chumvi," mama alisema kutoka kitini, uso umeng'aa. "Walikuwa wameikosa."

Linah akaona kitambaa. Akaokota chembe za kahawia ukingoni mwa kioo, akazitambua. Chumvi ile ina shaba ndani yake. Ndama anaihitaji, lakini kwa konokono na matumbawe shaba ni sumu. Aligeuka kumtazama mama, akaiona ile furaha, na akadanganya hapohapo.

"Ni stima, Mama. Baridi imewapiga."

Alikuwa na maji mapya yaliyochanganywa kwenye ndoo, akamimina nusu ndani ya beseni, akatia hita na pampu ndogo ya hewa, akaanza kuhamisha matumbawe moja moja. Mama alimfuata kwa macho, na ile furaha ikampungua polepole.

"Linah," akasema. "Ng'ombe wangu alipokufa sikumzika tu. Nilimpasua nikaangalia kilichomuua, ndiyo wengine wasife. Hao konokono wameuawa na nini?"

Linah alizidi kuinamia beseni.

"Mimi ni mama yako. Si mtoto wako wa kudanganywa."

"Ni chumvi," Linah akasema, na machozi yakaja. "Ile yako iko na shaba. Hawa hawaiwezi."

Mama alitazama viganja vyake. Vilikuwa bado na vumbi la kahawia kwenye mikunjo. Alivifuta kwenye shuka, kimoja, kisha kingine.

"Mpigie Stephen," alisema mwishowe. "Anirudishe kwangu."

Ahadi ni ahadi. Linah alipiga simu akiwa jikoni, na Stephen akasema atakuja Jumamosi. Usiku ule Linah alijuta kwa nini hakushikilia uongo wake. Angesema ni baridi, basi, angekaa na mama.

Asubuhi alikuta taa imewashwa juu ya beseni na mama ameketi mbele yake, kikombe mkononi. Alikuwa anachota maji kidogo na kuyamwaga, anachota mapya ndooni, anayapima joto kwa kifundo cha mkono, ndipo anayateremsha ukingoni bila kuyatikisa.

"Ndama aliyefiwa hapewi maziwa yote mara moja," alisema bila kugeuka. "Yatamuua. Anapewa kidogo, anapumzika."

Linah alimwonyesha ndoo ipi ni ya chumvi na ipi haina. Alimwambia kwamba mawe ya tangini yamekunywa sumu, wagonjwa hawawezi kurudi kule. Mama aliitikia kwa kichwa. Kuhusu safari hakuna aliyesema neno, na mfuko wake ulikuwa umeshafungwa, umewekwa mlangoni. Siku zikapita hivyo. Chebirir akafa, akabaki mfupa mweupe. Samaki wawili waliishi. Chelel hakujulikana kama atapona. Arus alikuwa amekufa upande mmoja, ila ukingoni mwake palibaki ukanda mwembamba wenye rangi, na mama aliuinamia ule ukanda tangu mwanga wa kwanza mpaka taa izimike, midomo ikimcheza, sijui alikuwa anaomba au anaita.

Jumamosi Stephen alifika na pikapu. Alisalimu, akakataa chai, akachukua mfuko wa mama akautia begani.

"Twende, Mama, kabla mvua haijaanza. Turbo kumeshatanda mawingu."

Mama alikuwa anamimina. Alimaliza kikombe, akakiweka chini.

"Nikienda, nani atawapa maji mchana? Huyu dada yako huwa kazini."

"Lakini Mama, si wewe umesema nije?"

"Nilisema." Sasa alimtazama usoni, Stephen mtu mzima, mwenye kitambi na funguo za gari mkononi. "Huyu Arus nimemtia ugonjwa mimi mwenyewe. Sijui atapona ama atakufa, lakini hafi mimi nikiwa mbali. Au unataka umuuze na huyu?"

Stephen aliteremsha macho kwenye beseni. Nadhani ni siku hiyo tu alipoelewa alichokiuza.

"Maji ya kuchujwa yamekwisha," mama akaendelea, akaisukuma mitungi mitupu kwa ncha ya mkongojo. "Linah atakuonyesha duka. Hakikisha wanaifunga vizuri."

Stephen alisimama kidogo. Kisha akautua mfuko wa mama palepale sakafuni, akainama, akachukua mitungi.