Fundi Asiyeshika Simu

Kibao cha karakana ya useremala ya Kiarie, pale Kabiria, kilikuwa na jina lake kwa herufi kubwa, lakini nambari iliyoandikwa chini ilikuwa ya dada yake, Shiko. Kiarie alikuwa kiziwi tangu homa ya uti wa mgongo ilipompitia akiwa mtoto wa chekechea, na katika jiji la Nairobi fundi asiyeshika simu ni mwizi. Hakuna anayeuliza sababu. Kwa hiyo mteja wa Kabiria alipopiga, simu ililia katikati ya mji, kwenye ofisi ya bima katika Mtaa wa Kimathi, mkobani mwa msichana aliyeona haya hata kuomba chai yake iongezwe sukari.

Simu ikilia, Shiko alitoka hadi kwenye ngazi, akasikiliza, akasema atamuuliza fundi. Alikata, akamwandikia kaka yake kwenye WhatsApp, akangoja jibu, kisha akampigia mteja. Wateja hawakuambiwa kwamba fundi hasikii. Shiko aliogopa kazi zingepungua. Makau wa dawati la jirani alikuwa ameshaamua kwamba huko kwenye ngazi kuna mapenzi.

"Huyo jamaa hakupi nafasi ya kupumua," alimwambia. "Mwambie akuoe, tupumzike sote."

Shiko alicheka akiinamia kompyuta. Hakuwa mpenzi, ilikuwa meza. Bi Syokimau, mama mstaafu wa Woodley, alikuwa ameagiza meza ya kulia ya mahogani, kubwa ya kutosha watu kumi, kwa ajili ya siku ambayo wakwe wangekuja kumposa binti yake Yvonne. Sasa wakwe walikuwa wameiwahisha siku hiyo.

"Wanakuja Jumamosi ijayo, si mwezi ujao," Bi Syokimau alisema. "Meza itakuwa tayari? Niambie ukweli, msichana wangu."

Shiko aliandika swali. Jibu la Kiarie lilirudi bila salamu, kama kawaida yake: *Hapana. Mbao bado mbichi. Nikiunga sasa itapinda. Mwambie hapana.*

Shiko alisimama pale kwenye ngazi akiitazama ile hapana. Kwa mikono ya Kiarie, aliyezoea kusema kwa ishara, hapana ilikuwa neno kama maneno mengine, halina pilipili. Lakini kumwambia mama wa rika la mama yako, kwa sauti yako mwenyewe, sikioni mwake! Akapiga.

"Anasema atajitahidi, mama."

"Mungu awabariki, mwanangu."

Haikuwa mara ya kwanza. Kwa miaka mingi Shiko alikuwa akiyachovya maneno ya kaka yake kwenye asali kabla ya kuyapitisha. Kiarie akisema bei haishuki, Shiko alisema tutaongea. Kiarie akisema kabati hilo ni baya, Shiko alisema ni zuri ila lina kazi. Wateja waliridhika, naye aliita jambo hilo adabu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, Bi Syokimau alipiga kuuliza atume pikapu saa ngapi.

"Meza bado, mama," Shiko alisema.

"Bado vipi? Si wewe uliniambia?"

"Nilisema atajitahidi..."

"Kujitahidi ni nini? Wakwe watakula juu ya kujitahidi? Nipe fundi mwenyewe. Sasa hivi."

"Hawezi kushika simu, mama."

"Ana nini, anakamua ng'ombe? Haki nyinyi mafundi mlizaliwa na mama mmoja! Sikiliza. Ikifika jioni sijaongea na huyo mtu, naandika jina lake kwenye kundi la wakaaji wa Woodley. Tuone nani atamwita tena."

Akakata. Shiko alikaa kwenye ngazi. Karibu kazi zote kubwa za Kiarie zilitoka Woodley, kwenye kundi hilohilo, ambako mmoja husifu na wengine hufuata. Neno moja la Bi Syokimau lingefunga karakana.

Aliomba ruhusa ya kuondoka mapema. Njiani kwenda karakana alimtungia Bi Syokimau ujumbe, akaufuta, akatunga mwingine. Ujumbe mfupi ulionekana mkavu, kama taarifa ya umeme kukatwa. Ujumbe mrefu ungesomwa, alama zigeuke bluu, kisha kimya, na kimya hicho angekibeba hadi asubuhi. Barua pepe ndiyo aliyoitumia ofisini kuwaambia watu kwamba madai yao yamekataliwa. *Tunasikitika kukujulisha*, na hakuna aliyewahi kusikitika. Na simu? Simu ndiyo iliyomfikisha hapa. Ilikuwa rahisi kudanganya kwa simu, kwa sababu sauti ilikuwa yake na maneno yalikuwa ya mtu mwingine, na katikati ya hivyo viwili hapakuwa na wa kumwona.

Alimkuta Kiarie amefunikwa na vumbi la randa. Alimweleza yote kwa mikono, upesi upesi, akitazama chini.

Kiarie alimshika kidevu, akamwinua uso. *Nilisema hapana. Ulimwambia nini?*

*Kwamba utajitahidi.*

*Mara ngapi umesema hivyo?*

Shiko alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Kiarie alikaa juu ya gogo. Kisha mikono yake ikasema polepole: *Kumbe watu wanamjua Kiarie mwingine. Mwenye adabu. Mwongo. Mimi sijawahi kukutana naye.*

Afadhali angempiga kofi.

*Nipe nambari ya huyo mama,* alisema. *Nampigia. Kwa video.*

*Hutamsikia! Naye hajui lugha ya ishara.*

*Ana macho.*

Aliisimamisha simu yake kwenye meza ya kazi, akaiegemeza kwa kopo la gundi. Bi Syokimau alitokea, paji la uso tu na kitambaa cha kichwani.

"Hallo? Nani huyu? Hallo! Sikusikii. Fungua sauti huko kwako!"

Kiarie aligusa sikio, akatikisa kichwa. Akachukua kipande cha ubao alichokuwa ameandika kwa chaki, akakiweka mbele ya kamera: MIMI NI KIARIE. FUNDI WAKO. SISIKII.

Paji la uso likarudi nyuma, na uso mzima ukaonekana.

Kiarie aliinua mbao mbili. Ya kwanza ilikuwa imekauka vizuri; aliweka rula ya chuma juu yake, ikalala sawasawa. Ya pili aliwahi kuiharakisha kwa kazi nyingine. Aliweka rula, akaisogeza simu karibu, na mwanga wa jioni ukapenya katikati kama mlango ulioachwa wazi. Aliinua mbao nne za meza ya Bi Syokimau, akazigonga moja moja, zikatoa mlio mzito wa ubichi, akazirudisha kwa upole penye kivuli. Halafu akafuta ubao kwa mkono wa shati, akaandika: JUMAMOSI HAPANA. WIKI TATU. NA HAITAPINDA.

Hakuandika samahani. Shiko, aliyesimama pembeni nje ya picha, aliona kwamba palikuwa na nafasi ya samahani kwenye ubao, na vidole vyake vikamwasha.

"Wiki tatu," Bi Syokimau alisema. Alitazama mbao, akamtazama Kiarie, kisha akakumbuka kitu. "Na yule msichana? Yule wa atajitahidi? Yuko hapo?"

Shiko alipiga moyo konde, akaingia kwenye picha.

"Ni mimi, mama. Yeye alisema hapana tangu siku ile. Mimi ndiye niliyeogopa kukwambia."

"Uliogopa nini? Ningekuuma?"

"Ndiyo, mama."

Bi Syokimau alicheka kidogo, bila kupenda. "Ungeniambia hapana siku ile, ningekuwa nimepanga. Sasa nitaazima meza za kanisa, nizifunike vitambaa. Wakwe hawatachungulia chini." Akamnyooshea kidole. "Lakini wewe, usiniongeleshe tena habari za meza. Nitaongea na yeye."

Hakuandika lolote kwenye kundi. Kiarie alifuta nambari ya Shiko kwenye kibao, akaandika yake, na chini yake: *Nitumie ujumbe au video. Sisikii.* Simu ya Shiko ikanyamaza. Makau alimwuliza kama wameachana, naye akaichungulia simu mkobani, kwa maana ule ukimya ulimuuma.

Wiki ya pili ilipokuwa ikiisha, Kiarie alimpelekea ujumbe wa sauti kutoka kwa Bi Syokimau. *Huyu mama amesahau tena,* alikuwa ameandika. *Anasemaje? Yote. Usiongeze sukari.*

Shiko alitoka hadi kwenye ngazi, akasikiliza. Sufuria ziligongana, kisha sauti ikasema kwamba fundi ni mkaidi kama punda, na kwamba anataka miguu ya meza iwe minene, si vijiti vya kuku kama alivyoona kwenye picha aliyotumiwa.

Aliandika. Alipofika kwenye *punda* kidole chake kikasita. *Mwenye msimamo* lingekaa vizuri zaidi. Akaandika *punda*, akatuma.

Jibu lilirudi papo hapo: *Mwambie punda anasema miguu minene itawagonga wakwe magoti.*

Shiko alicheka peke yake pale kwenye ngazi, akaandika: *Mwambie mwenyewe.*