Kengele ya Watachoka

Pascaline alimbana mbwa katikati ya magoti nyuma ya jiko, na jirani yake Subira akashika taya kwa mikono miwili. Ndani ya midomo chunjua zilikuwa zimeota zikabanana, nyeupe, ndogondogo, kama punje za mahindi machanga. Moja ilikuwa juu ya ulimi.

"Fanya mbio," Subira alisema. "Akiniuma, bwana wako wa pili atanilipa."

"Wa pili wapi? Hata wa kwanza sijamaliza kumulilia."

"Ndiyo maana nakuambia, fanya mbio."

Pascaline alichovya unyoya wa kuku ndani ya kikombe cha maziwa ya papai bichi. Mwaka uliopita Subira alikuwa na chunjua kwenye vidole. Alizipaka maziwa hayo, zikakauka, zikaanguka. Vidoleni dawa ilifaa. Hata mmoja wao hakufikiria kwamba ndani ya kinywa ngozi ni nyingine.

Mbwa alilia, akajinyonga, akawaponyoka. Pascaline alipiga makofi mawili. Ndivyo alivyomwita siku zote, na Watachoka, huku akijifuta mdomo kwa miguu, alirudi akalala mbele yake apakwe tena. Jina hilo alipewa na Gaston, marehemu mume wa Pascaline: wasemaji waseme, watachoka.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuwafunga mbwa kengele za mti kwa msako wa kwanza wa kiangazi. Mbwa asiyefungwa kengele siku hiyo haingii katika kundi mpaka kiangazi kingine. Na desturi ya wawindaji wa nyavu ilikuwa wazi: mwenye mbwa anapata shingo na mkono mmoja wa kila mnyama ambaye mbwa wake amemtoa kichakani, awe yeye mwenyewe ameingia porini au amebaki nyumbani. Tangu Gaston afe, mwenye mbwa alikuwa Pascaline. Fungu hilo lilikuwa nyama ya watoto wake, na sehemu iliyokaushwa ikauzwa ndiyo iliyompeleka binti yake mkubwa, Esther-Divine, shuleni. Shamba lilitoa muhogo. Mbwa ndiye aliyetoa mengine yote.

Dominique, mdogo wa Gaston, ndiye aliyeongoza msako. Kila mara alileta fungu mwenyewe na kulitupa juu ya jani bila kuinama.

"Kula, shemeji. Miguu yako haina hata mwiba."

Chunjua zilipoanza, Pascaline alitembea mpaka Kabambare kwa Grégoire, ajenti wa mifugo, ambaye watu walimwita dokta na yeye hakuwakataza. Grégoire alimtazama mbwa kutoka mlangoni.

"Dawa iko," alisema. "Lakini haimujue mutu wa mikono mitupu."

Alirudi na kuku. Akapewa dawa ya zambarau, ile wanayopaka vidonda vya mbuzi. Mdomo wa Watachoka uligeuka rangi, chunjua zikaendelea kuota. Kuku mwingine hakuwa naye.

Asubuhi alimkuta mbwa ameloa kifua. Midomo ilikuwa imevimba, mate yanatoka mazito, yenye povu na damu. Maziwa ya papai yalikuwa yamemchoma. Pascaline alimwosha, akamfuta kwa kitenge, akamwosha tena. Mate hayakukoma. Alifikiria kumwacha nyumbani. Kumwacha kulikuwa sawa na kumtoa kwenye kundi kwa mikono yake mwenyewe. Akamfunga kamba, akachukua kengele yake, akaenda.

Uwanja wa sefu, mkubwa wa kijiji, ulikuwa umejaa. Sefu alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, na Grégoire alikuwa pembeni yake, kwa kuwa sefu alimwita akague mbwa wote kabla ya msako. Dominique alifunga kengele shingo moja baada ya nyingine. Alipofika kwa Watachoka aliacha kamba ya kengele ianguke.

"Dokta! Njo uone mate hii!"

Grégoire alisogea, akasimama mbali kidogo.

"Raje," alisema. "Mbwa ya wazimu."

Akina mama waliwanyakua watoto. Mtu mmoja aliokota fimbo.

"Hapana raje," Pascaline alisema. "Ni maziwa ya papai. Nilimupaka jana, juu ya zile chunjua. Imemuchoma."

"Nani alikuambia upake papai?"

"Nitapaka nini? Weye ulikula kuku yangu, ukanipa dawa ya mbuzi."

Watu walicheka. Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa. Grégoire hakucheka, na Pascaline alipoiona shingo yake inavyokaza, alijua amezidisha neno moja.

"Mama," Grégoire alisema polepole, "mimi nilisomea kazi hii. Sefu, mbwa anayetoa povu na damu ni hatari kwa kijiji kizima. Mutoto mumoja akiumwa, watauliza mimi nilikuwa wapi."

"Sheria inasema nini?" sefu aliuliza.

"Kumuua. Ao kumufunga mbali, tumuangalie."

Pascaline alipiga magoti. Akaingiza mkono wake kinywani mwa mbwa, mpaka kwenye kifundo, akauacha humo. Watachoka alifumba macho. Hakuuma. Mate ya damu yalishuka kwenye kiwiko cha Pascaline, yakadondoka chini.

"Munaona? Mbwa ya wazimu inafanya hivi? Munaona?"

Kwa kitambo kidogo ilionekana kama watu wameona.

"Tunaona," Grégoire alisema. "Sasa mate iko mu mukono yake. Huyu pia asikaribie watu. Watoto wake walale kwingine."

Waliokuwa karibu walirudi nyuma. Subira alibaki mahali pake, kisha naye, akitazama chini, akapiga hatua moja nyuma.

Sefu alikuwa bado anamtazama mbwa. Hakumtazama mdomo. Alitazama kifua, mapaja, miguu.

"Gaston alimufundisha muzuri," alisema. "Kumuua ni hasara. Mumufunge kwangu."

"Na akipona?" Pascaline aliuliza.

"Kwanza apone," Dominique alisema, akamtoa kamba mkononi kwa kijiti, asiguse mahali alipoishika.

Kiangazi kizima watu walimwachia nafasi pana kisimani. Muhogo wake ulikaa sokoni mpaka jioni, ukarudi naye nyumbani. Esther-Divine na wadogo zake walilala kwa dada ya Pascaline, ambaye alitenga sahani zao. Mwalimu alisema mtoto abaki nyumbani kwanza, wazazi wengine wanaogopa. Pascaline hakuugua. Hakuna aliyekuja kusema kwamba hajaugua.

Nyasi zilipokuwa zimechomwa na majivu yanaruka mpaka ndani ya nyumba, aliisikia kengele ambayo Watachoka hakufungwa siku ile. Gaston aliichonga kutoka kipande cha kinu kilichopasuka, na sauti yake ilikuwa na mkwaruzo. Pascaline aliacha jembe shambani.

Kwenye uwanja wa sefu walikuwa wanagawa nguruwe wa porini. Watachoka alilala karibu na kiti, kamba shingoni, amenona. Alipomwona Pascaline aliinuka, akahema, ulimi nje. Mdomo ulikuwa safi. Hakuna chunjua hata moja, hakuna kovu.

"Dokta alimupa dawa gani?" Pascaline aliuliza.

Grégoire alikuwa anafunga paja kwenye majani, kwa ajili ya safari.

"Dawa ya nini? Ile chunjua inaota kwa mbwa wadogo, inaanguka yenyewe. Ni muda tu. Kila mutu wa kazi yetu anaijua."

Pascaline alimtazama. Kisha alimgeukia sefu.

"Sefu, mbwa yangu amepona. Nimekuja kumuchukua. Na fungu yake."

Dominique ndiye aliyejibu, kisu mkononi. "Shemeji, mbwa ya kwako ilikuwa ya kuuawa. Dokta alisema mbele ya watu wote. Ile imekufa. Hii ilikula chakula ya sefu, iko ya sefu."

"Sefu?"

Sefu alikuwa anatafuna. Aliashiria kwa kidevu. Dominique alikata kipande cha utumbo na pafu, akakiweka juu ya jani, akakisukuma kwa mguu mpaka mbele yake.

"Sefu anakuhurumia. Ni juu ya watoto."

Nzi walitua. Pascaline alilitazama jani. Watoto walikuwa kwa dada yake, na jana walikula muhogo mtupu. Aliinama, akaliokota.

"Na asante?" Dominique alisema. "Ao Gaston hakukufundisha?"

Zawadi ya sefu hupokelewa kwa makofi. Pascaline aliweka jani chini tena, akakunja magoti, akapiga makofi mawili.

Watachoka aliruka. Kengele ililia, kamba ikanyooka, miguu ya mbele ikakwangua hewani kumwelekea yeye, na Dominique akavuta mpaka mbwa akaanguka chali.

"Piga tena," Dominique alisema, kamba imeviringishwa mkononi. "Sefu hakusikia."