Kabichi za Luhaga Zisizo na Kibarua

Luhaga aliiacha pamba mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombania marobota, akahamia kabichi kando ya mto, nje kidogo ya Bariadi. Tangu hapo hakuwa na hadithi nyingine. "Mimi silipi kibarua hata mmoja," aliwaambia wanaume wenzake gulioni. "Ninachouza chote ni faida."

Nyanjige, mkewe, alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza bata. Ndoo arobaini kwa siku zilipanda kutoka mtoni juu ya kichwa chake na cha binti yao Joyness. Kazi ya Luhaga ilikuwa kusimama tutani, mikono nyuma, mithili ya bwana shamba aliyetumwa na wilaya.

Kisha mwalimu akaleta neno: Joyness asiporudi darasani Jumatatu, jina lake linafutwa kwenye orodha ya darasa la saba.

"Baba Joyness, mtoto arudi shule."

"Na maji abebe nani?"

"Mwenye faida."

Luhaga akacheka. "Mimi na ndoo? Wanicheke hadi vijiji vya kule Zagayu? Nitaita kikundi cha vijana. Kazi yenyewe ya kitoto."

Nyanjige hakubishana. Alipiga ishara ya msalaba, Jumatatu akamfikisha Joyness kwa mwalimu, akamwacha kwa shangazi yake jirani na shule, kisha akapanda gari kwenda Nyalikungu kumuuguza dada yake.

Vijana walikuja na ngoma yao, wakamwagilia wakiimba, na kama ilivyo desturi wakadai mbuzi. Kabichi hainywi mara moja. Luhaga akawaita tena, akachinja tena. Wiki ya pili walikula mbuzi wa tatu, na kabichi zote alizouza zisingenunua hata ngozi yake.

Nyanjige aliporudi na Joyness, alilitazama zizi kwanza, ndipo akamtazama mumewe.

"Umekula vizuri?"

"Kabichi ni hasara," Luhaga akanung'unika. "Narudi kwenye pamba."

"Kabichi hazijabadilika. Umelipia kazi wiki mbili tu, ukaishiwa."

"Nimesema narudi kwenye pamba."

"Rudi. Nani ataipalilia?"

Macho ya Luhaga yakahama taratibu hadi kwa Joyness, aliyekuwa ameketi kizingitini na daftari magotini.

Nyanjige akasogea, akasimama katikati yao.

"Huku usiangalie," alisema. "Jembe liko nyuma ya nyumba."