Mwanamke Aliyefichwa Jina

Fundi cherehani alikaa kwenye benchi la korido ya mahakama, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele kama ubao. Goti lile halikunjiki tena. Mumewe, askari mwenye nyota mabegani, alilivunja kwa kigoda, na lilipopona vibaya hivyo hivyo fundi akavuka mpaka kuja kuomba hifadhi.

Hakimu alikuwa ameamuru jina lake lisitajwe wala kuandikwa popote, mume asije akamfikia. "Sasa pumua, dada," wakili wake alimwambia siku ile. "Huna jina, nani atakupata?" Wakacheka wote wawili. Fundi alifurahi kweli, akalala usingizi wa mtoto.

Lakini hakuna aliyemfundisha karani wa kuita kesi namna ya kumwita mtu asiye na jina. Alikuwa mzee wa sauti nene, na kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuita mara tatu. Asiyeitika, kesi yake inatupwa. Ndivyo alivyoikuta kazi, na ndivyo angeiacha.

Fundi alikuwa akichezea pindo la mtandio alipomwona shemeji yake, mdogo wa mumewe, akiingia. Shemeji alikuwa ameshasikia kwamba kesi za wakimbizi wa kwao husikilizwa hapa. Akaegemea ukuta wa mbele, akaanza kuwapitia waliokaa mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayechagua nyanya. Fundi akavuta mtandio hadi puani, akashusha gauni lifunike mguu.

"Mwanamke aliyefichwa jina!" karani aliita.

Shingo zikageuka korido nzima.

"Labda kajificha na mwenyewe!" mmoja akadakia, watu wakaangua kicheko. Shemeji hakucheka. Alijivuta kutoka ukutani, akasogea katikati.

Fundi akisimama tu, akachechemea hatua moja, kwisha habari yake.

"Dada," alimnong'oneza mama aliyekaa kando yake, kwenye kona, "nakuomba, ingia umwambie wakili wangu nipo."

"Nikiitwa mimi je? Nimekaa hapa tangu alfajiri, mwenzangu. Nisamehe."

"Mwanamke aliyefichwa jina! Mara ya pili!"

Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Alijichukia kwa kunyamaza, na alimchukia zaidi mzee yule na sauti yake.

Ya tatu nayo ikapita. Mlango uliachwa wazi, akasikia kila neno.

"Hayupo, mheshimiwa."

"Mheshimiwa, nimemwacha hapo nje," wakili alisihi. "Naomba dakika moja tu nimlete."

"Ameitwa mara tatu, wakili. Mahakama haimbembelezi mtu. Ombi limetupwa, arudishwe kwao." Kisha hakimu akaongeza: "Ila amri ya kuficha jina lake ibaki palepale. Hatutaki kumweka mama wa watu hatarini."

Karani akaita jina jingine, na yule mama wa kando akainuka mbio, akauruka mguu wa fundi, akaingia ndani. Nafasi yake ya kwenye kona ikabaki wazi. Shemeji, aliyechoka kusimama, akaiona, akaja.

"Samahani, mama," alisema kwa adabu, macho yakiwa bado mlangoni. "Naomba ukunje mguu kidogo, nipite."