Wimbo wa Nne, Upande wa Kwanza

Saa nne asubuhi mkunga alikuwa ameinama kwenye kitanda cha mwisho cha wodi ya wazazi. Kichwa cha mtoto kilishatoka, na kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni. Mama alitakiwa aache kusukuma mpaka kamba ivuliwe. Mkunga akafungua kinywa amwambie, ikatoka hewa tupu.

"Nisukume?" mama akauliza, kafumba macho. "Dada, nisukume?"

Mkunga akatikisa kichwa, lakini nani alimwona? Ikabidi amchape kofi la paja. Mama akashtuka, akaacha, na kamba ikavuliwa roho mkononi. Muda si muda, ng'ambo ya barabara, wimbo ukaisha, na fundi wa miwani akainua sindano ya pleya yake ya santuri.

"Usisukume," mkunga akasema. Mtoto alikuwa tayari anafutwa.

Hakuna aliyeshangaa. Tangu santuri ile itoke, kila ulipopigwa wimbo wa nne wa upande wa kwanza, popote mjini, mkunga alikuwa bubu mpaka wimbo uishe. Ilikuwa santuri ya mkusanyiko wa nyimbo za soul na ridhimu na bluzi za mwanzo mwanzo, enzi bendi zinavaa suti za kufanana. Wimbo wa nne aliuimba yeye, akiwa msichana anayesomea ukunga. Zamani hizo vilitoka visanturi vichache, vikavunjika vikasahauliwa, na sauti ikatulia kwake. Sasa zimetolewa santuri maelfu, na nyuma ya jalada, kwenye wimbo wa nne, limeandikwa jina la mke wa mwenye studio. Waimbaji wengine, walioandikwa majina yao wenyewe, walikuwa wanaongea kutwa bila shida yoyote. Sauti yake tu ndiyo ilikuwa haijui pa kurudi.

"Nakupenda, unajua," matroni alimwambia mchana. "Lakini ikitokea tena nakupeleka ukafue mashuka. Mashuka hayahitaji kuambiwa kitu."

Mkunga aliogopa. Baada ya kuacha kuimba, kuzalisha ndiyo kazi pekee aliyowahi kuipenda, na alijua kwenye mashuka angekufa taratibu.

"Nenda kwa hao wa studio wakuandike jina lako, yaishe," alisema muuguzi mwenzake, waliyemwita Redio kwa kuwa habari hazikai kifuani mwake. "Ila uwahi kusema kabla hawajaiweka hiyo santuri."

Alikwenda jioni hiyohiyo. Mwenye studio alikuwa ameshazeeka, na mkewe alikuwa kwenye kochi na kikombe cha chai. Mkunga alikataa kukaa. Alisema yote kwa pumzi moja.

"Sauti zinafanana, mama," alisema mwenye studio. "Twende kwa ushahidi. Naweka santuri, wewe imba juu yake. Zikiwa moja, nabadilisha majalada yote."

"Usiweke. Niimbe kwanza, ndiyo uweke."

"Unaogopa wimbo wako mwenyewe?"

Mke akanyanyua macho. Siku ya kurekodi ndiye aliyekuwa ameshika glasi ya maji ya mwimbaji.

"Weka, mume wangu," alisema.

Sindano ikashuka. Mkunga akaimba kwa moyo wote, mishipa ya shingo imemsimama, na sauti yake ikajaa chumbani, ikitoka kwenye spika. Kinywa chake hakikupishana nayo hata kidogo, hata kwenye kile kikohozi kilichomtoka siku ya kurekodi, katikati ya ubeti wa pili. Mwenye studio aliangalia kinywa, akaangalia spika, akaangalia sakafu.

"Kufuatisha midomo hata mjukuu wangu anaweza," alisema.

Wimbo ulikuwa unaishia. Mkunga akavuta pumzi, tayari. Mke akaweka chai chini, akainuka, akanyanyua sindano.

"Mimi ndi—" mkunga akawahi.

"Tuusikilize tena," alisema mke, akairudisha sindano mwanzo. "Naupenda sana."

Akaurudia, akaurudia tena, macho makavu, bila chuki yoyote usoni. Mwishowe mkunga akaondoka shingo upande, na hakuna aliyemfukuza.

Kazini ikabidi ajitafutie njia. Kila mama alipoingia, alimfundisha mapema: mkono wangu ukikaa gotini, acha, ukikaa begani, sukuma. Matroni alisimama mlangoni akaona watoto wanazaliwa salama, akaenda zake. Ya mashuka hayakuzungumzwa tena.

Siku moja mtoto wa kike alizaliwa wimbo ukiwa katikati, unapita dirishani kutoka kwa fundi wa miwani. Mama alilala akisikiliza, jasho linamkauka.

"Nani anaimba?" akauliza. "Nilikuwa nimekata tamaa kabisa, nikasikia kama ananisemesha mimi."

Redio akamtazama mkunga. Mkunga akafungua kinywa, akakifunga.

"Mimi ninayo hiyo santuri," akasema dada wa mzazi, na akalitaja jina la mke wa mwenye studio, lote, kama lilivyo kwenye jalada.

"Basi mwanangu ataitwa hivyohivyo."

Redio akageukia dirishani. Mkunga akachukua kitambulisho cha kumfunga mtoto mkononi, akatafuta kalamu mfukoni.

"Andika vizuri, dada," mama akasema. "Usije ukakosea jina la mtu."

Wimbo ulikuwa umeisha.

"Sikosei," mkunga akasema, akaliandika.